Seti nne za Anscombe na mstari mmoja unaozipitia zote

Mwaka 1973 Francis Anscombe, mwanatakwimu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alichapisha katika jarida la The American Statistician jedwali dogo lenye seti nne za data. Kila seti ina jozi 11 za namba, x na y. Tafuta wastani wa x: ni 9 katika seti zote nne. Wastani wa y ni 7.50 kote. Varianzi ya x ni 11, ya y ni kama 4.13, na kizigeu cha uhusiano ni karibu 0.82. Kisha tafuta mstari nyoofu ulio karibu zaidi na nukta, yaani ule ambao ukipima umbali wa wima wa kila nukta kutoka kwake, ukauzidisha kwa wenyewe na kujumlisha, unapata jumla ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Mara zote nne jibu ni lile lile: y = 3 + 0.5x.

Sasa chora grafu. Seti ya kwanza ni nukta zilizotawanyika kawaida kuzunguka mstari. Ya pili ni mkunjo laini unaopanda kisha kuinama. Ya tatu ni nukta kumi zilizojipanga kwenye mstari mwingine kabisa, na moja imeruka juu peke yake. Ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima mahali pamoja, na moja iko mbali upande wa kulia.

Katika makala yake Anscombe hakueleza alizitungaje. Lakini namba zenyewe zinaeleza, na hesabu inayohitajika haizidi kujumlisha na kuzidisha.

Tuanze na seti ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Thamani zake za x ni namba nzima kuanzia 4 hadi 14, kwa hiyo 9 iko katikati. Kwa kila x, tafuta y ya mstari, kisha uitoe kwenye y ya jedwali. Tofauti hiyo huitwa mabaki. Kwenye 4, mstari unasema 5.00 na jedwali linasema 3.10: mabaki ni −1.90. Kwenye 14, mstari unasema 10.00, jedwali 8.10: tena −1.90. Kwenye 5 na 13 mabaki ni −0.76. Kwenye 6 na 12 ni 0.13, kwenye 7 na 11 ni 0.76, kwenye 8 na 10 ni 1.14. Katikati kabisa, kwenye 9, ni 1.27. Pande mbili zinafanana namba kwa namba, na ulinganifu huo ndio unaoacha mteremko ulivyo. Kila nukta ya kushoto inayouvuta mstari ina mwenzake wa kulia anayeuvuta kwa nguvu ile ile kinyumenyume, na jumla ya mabaki yote haizidi 0.01. Mstari haupati sababu ya kupanda, kushuka wala kugeuka.

Madhara yake si madogo. Tuseme x ni mbolea na y ni mavuno. Mstari utakwambia uendelee kuongeza mbolea, ilhali mkunjo umefika kileleni kwenye 11 na kuanza kushuka. Kwenye x = 20 mstari unabashiri 13; mkunjo wenyewe, ukiuendeleza, ungekuwa umeshapita chini ya sifuri.

Seti ya tatu imejengwa kwa njia nyingine. Ondoa nukta yenye x = 13 na y = 12.74. Kumi zinazobaki zinalala karibu kikamilifu kwenye y = 4 + 0.346x. Kwa mstari huo, 13 ingestahili kupata 8.50; imezidishiwa 4.24. Umbali wa 13 kutoka wastani wa x ni 4. Zidisha 4 kwa 4.24 upate 16.96, gawa kwa 110, ambayo ni jumla ya vipeo vya pili vya umbali wa kila x kutoka 9. Unapata 0.154. Jumlisha na 0.346: ni 0.500. Namba moja, pengine kosa la karani aliyenakili vibaya, imeupandisha mteremko kwa karibu nusu ya ulivyokuwa.

Katika seti ya nne, x kumi ni 8 na moja ni 19. Umbali kutoka 9 ni 1 mara kumi na 10 mara moja. Vipeo vyake vya pili ni kumi pamoja na mia moja, yaani 110, sawasawa na seti nyingine. Nukta kumi za 8 zina wastani wa y wa 7.00. Nukta ya 19 ina y ya 12.50. Mstari unapita kwenye wastani huo na kwenye nukta hiyo: 5.50 gawanya kwa 11, yaani 0.5. Ifute nukta hiyo moja na hakuna mteremko wa kutafuta, kwa sababu utakuwa unagawa kwa sifuri.

Hivyo basi mabaki yanabanwa na masharti matatu tu. Yajumlike kuwa sifuri. Kila moja likizidishwa kwa umbali wa x yake kutoka wastani, jumla iwe sifuri. Na vipeo vyake vya pili vijumlike kuwa kama 13.75. Mabaki ni 11, masharti 3. Uhuru uliobaki ni mkubwa mno, na maumbo yote hupitia hapo. Hata namba ya katikati (mediani), ambayo wanafunzi huiona nyepesi, ingetoa fununu: kwa y ni 7.58, 8.14, 7.11 na 7.04 katika seti nne kwa mpangilio wake. Wastani umezifanya zilingane. Namba ya katikati imezitenganisha.

Ndiyo maana naona ni kosa kumfundisha kijana wa sekondari kanuni ya mteremko kabla hajaweka nukta kwenye karatasi ya grafu, na kosa zaidi kumwachia kizigeu cha uhusiano kama jibu la mwisho bila safu ya mabaki pembeni. Safu hiyo haichukui muda, na ndiyo pekee inayoonyesha kile ambacho mstari umeshindwa kukieleza.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hili ubaoni. Chukua x kutoka 4 hadi 14 na uweke kila y juu ya mstari wa 3 + 0.5x. Kisha ongeza 1.51 kwenye 4 na kwenye 14, punguza 3.03 kwenye 9, na nyingine usiziguse. Wastani, varianzi, mteremko na kizigeu vinatoka vile vile: hiyo ni seti ya tano, na Anscombe hakuitunga. Ya sita waachie wanafunzi waitunge wenyewe.