Mkerewe na Mizani 16

Euphrase Kezilahabi alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1944, akalelewa kwa Kikerewe. Kiswahili alikikuta mbele ya safari. Lakini diwani yake ya Kichomi (1974) ndiyo iliyowatoa jasho walinzi wa ushairi wa kimapokeo. Wapo waliosema kijana wa bara kashindwa vina na mizani, akaupachika udhaifu wake jina la mtindo mpya. Naona walikosea, na ufundi wenyewe unawaumbua.

Tupime kwa mfano wangu, si wake. Mvuvi karudi mikono mitupu. Mshairi wa kimapokeo ataandika: “Mtumbwi umerejea, samaki haukupata.” Nane kwa nane, mizani 16 kamili, hana kosa. Ila ubeti umeshaanza kumdai: mishororo ijayo inataka “-ea” katikati na “-ta” mwishoni, na wazo litazungushwa hadi vipatikane. Aliyekulia Lamu au Pemba, mashairi yakiimbwa masikioni mwake tangu utotoni, vina humjia vyenyewe. Aliyekipata Kiswahili darasani huenda akavisaka kwa tochi, na msomaji akaiona tochi hiyo.

Sasa tukate hivi: “Mtumbwi umerudi / mtupu.” Neno moja limebaki peke yake mstarini, habari yote imeliangukia, na kimya kinachofuata kinafanya kazi ambayo kina kingeifanya. Hiyo ndiyo mbinu aliyoishika Kezilahabi. Mstari wake hukatika wazo linapokatika, hesabu itimie isitimie.

Je, vina vilimshinda kwa kuwa ni mtu wa bara? Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, naye alitunga kwa vina na mizani hadi akawa kinara wa ngonjera. Hoja ya ubara inafia hapo. Kezilahabi alichagua.

Katika riwaya alibana vilevile. Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) zina sentensi fupi na misemo michache ya kurithi, na Ukerewe imo ndani yake bila mwandishi kujitia upwani. Aliyezoea kunogewa na Shaaban Robert ataiona nathari hiyo kavu. Mahali pengine ni kavu kweli, sitamtetea.

Mkerewe mwenzake, Aniceti Kitereza, alipita njia nyingine. Riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Kitereza anafafanua mila kwa kituo, kilimo na pombe na uponyaji, kama mzee anayejua kwamba msikilizaji ni mgeni. Kezilahabi hafafanui, anakutupa kijijini ujitegemee. Mimi nampenda zaidi Kezilahabi, ingawa anayetaka kujua Wakerewe waliishije zamani atashiba kwa Kitereza.

Ufupi wa mtu wa bara basi waweza kuwa uchaguzi, si udhaifu. Ndiyo maana nawaomba wahariri wetu: mswada ukitoka Kigoma, Bukavu au Songea, sahihisheni sarufi kwa kalamu kali mtakavyo, lakini msiugeuze uonekane umeandikwa Unguja. Kwanza muulizeni mwandishi kwa nini sentensi ile aliiacha fupi.