Shokapu za Pikapu: Namna ya Kuzipima Kabla ya Kulipa

Mwenye pikapu aingiaye katika duka la spea la Kariakoo, au la Kirinyaga Road mjini Nairobi, kutafuta shokapu za nyuma za Hilux au za Land Cruiser, aghalabu huulizwa swali moja tu, nalo ni kama ataka ngumu au laini. Na kwa kuwa gari lake ni la kazi, hujibu bila ya kutafakari kwamba ataka ngumu, hulipa thamani iliyotajwa, akaenda zake ameridhika. Jibu hilo ni chanzo cha hasara nyingi, maana ugumu si sifa ya shokapu bali ni kipimo chake, na kipimo hakiwi chema wala kibaya mpaka kilinganishwe na springi pamoja na mzigo wa gari lenyewe.

Kubeba mzigo si kazi ya shokapu. Mzigo hubebwa na springi, ambazo nyuma ya pikapu nyingi ni mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine. Hizo hupokea kishindo cha barabara, zikakunjika, kisha zikataka kurudi kwa nguvu, na lau hapana kitu cha kuzituliza, gari lingepanda na kushuka mara kadha wa kadha baada ya kila shimo. Shokapu ndiyo itulizayo: ndani yake mna pistoni iendayo katika oili, na oili hiyo hupenya kwa taabu katika vijitundu na valvu za pistoni, hata nguvu ya mtikisiko ikageuka kuwa joto. Basi mtu afungaye shokapu ngumu kwa sababu bodi ya gari imelala nyuma hajatibu maradhi yaliyopo; springi zimechoka, na springi ndizo zitakazo kutazamwa.

Mashaka ya pikapu, ambayo gari dogo la abiria halinayo, ni kwamba hutoka asubuhi tupu ikarudi jioni na tani moja ya saruji. Shokapu iliyoundwa kutawala springi zilizolemewa na tani hiyo, ikifungwa katika gari litembealo tupu siku nyingi, hushupaa hata tairi ikarukaruka juu ya makunyanzi ya barabara ya vumbi badala ya kuyafuata. Na tairi isiyoshika ardhi haitii breki wala usukani. Iliyo laini kupita kiasi nayo, chini ya mzigo, huiacha bodi ikiyumba katika kila kona. Kwa maoni yangu, shokapu ichaguliwe kwa mzigo ubebwao siku nyingi za mwaka, si kwa ule mzito kabisa uliopata kubebwa mara moja.

Ziko za aina mbili. Ya silinda mbili ina silinda moja ndani ya nyingine, na oili huenda na kurudi baina yao. Bei yake ni nafuu, na jiwe likiibonyeza kwa nje aghalabu pistoni haidhuriki. Ya silinda moja, iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kutiwa katika magari ya Mercedes-Benz na kampuni ya Bilstein mwaka 1957, huweka oili upande mmoja na gesi ya naitrojeni upande wa pili chini ya shinikizo kubwa, baina yao pakiwa na pistoni ielayo. Tafauti yao hubainika katika safari ndefu ya barabara ya makunyanzi, kama ile iendayo Serengeti kupitia lango la Naabi: oili hupata moto, na katika silinda mbili huweza kuchanganyika na hewa ikafanya povu kama maji ya sabuni, na povu haliizuii pistoni. Shinikizo la naitrojeni hulikataza povu hilo, na joto la oili hutoka moja kwa moja kwa ubavu wa silinda. Walakini silinda hiyo pekee ikibonyezwa na jiwe, pistoni hukwama. Kwa hiyo wa njia ndefu za kasi namshauri achukue ya silinda moja, na wa shamba lenye mawe, aendaye polepole, atosheke na ya silinda mbili iliyo nene.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue maboksi yote mawili. Tazama rodi: kromu yake iwe laini pote, nawe uipitishie ukucha, kwa kuwa mkwaruzo mwembamba kama unywele utaila sili na oili itavuja. Tazama palipochomelewa pete ya kufungia. Chuma kiwe kimeungana mzunguko mzima, si kwa matone. Kisha, ikiwa ni ya silinda mbili, isimamishe rodi ikiwa juu, uisukume hadi mwisho na kuivuta hadi mwisho mara kadha, maana iliyolala rafuni huweza kuingiwa na hewa pale isipotakiwa. Baada ya hapo, sikiliza kwa mkono. Kila ugeuzapo mwendo, uzito uanze papo hapo. Mkono ukienda bure kidogo ndipo ukakamatwa, shokapu hiyo ina hewa au valvu mbovu. Ivute polepole, kisha kwa kasi, nayo ikatae zaidi ile kasi. Kuvuta kuwe kuzito kuliko kusukuma, kwa kuwa springi yenyewe huzuia mkunjo, ila haizuii kurudi kwake. Ikiwa ni ya gesi, iachilie baada ya kuisukuma, nayo ijinyooshe taratibu bila ya kusita. Ushahidi mkubwa kuliko wote ni kuzilinganisha mbili hizo: za jozi moja zikitafautiana mkononi, usizichukue, hata boksi liwe na nembo ya kampuni mashuhuri, maana maboksi ya kughushi ni mengi.

Urefu nao usidharauliwe. Aliyeinua gari kwa springi mpya ahitaji shokapu ndefu kwa kadiri ile ile, ili tairi ikining'inia shimoni rodi isivutwe hadi mwisho wake; ila isiwe ndefu kupita hapo, ili gari likishuka kwa nguvu, mpira wa kuzuilia ulio chini ya chesisi ndio upokee pigo kabla ya pistoni kugonga mwisho.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, wala usimruhusu fundi akaze nati za bushi gari likiwa juu ya jeki. Lishushwe kwanza likanyage kwa uzito wake, ndipo akaze, la sivyo mpira wa bushi utakaa umepindika daima, nao utapasuka mapema.