Nusu Mita ya Ethi

Picha ya dibii mpya, yaani sanduku la kugawia umeme, ya nyumba moja ya Kibaha, mitaa ya Picha ya Ndege, imezunguka kwenye makundi ya mafundi na kumwagiwa sifa. Nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa, kila kona imepigwa nyuzi 90, na waya wa ethi, kijani na njano, umeviringwa kwa madaha kama springi ya kalamu kabla ya kushuka chini. Anayeijua kazi anaitazama picha hiyohiyo akauma meno.

Kosa liko palepale panaposifiwa. Radi haipiti kwenye waya kama umeme wa kuwashia taa. Mkondo wake hupanda hadi makumi ya maelfu ya ampea kwa kasi ambayo hata shaba nene huwa kizuizi, na kila mita ya waya yaweza kuongeza volti elfu moja au zaidi. Kikinga radi cha dibii kinaweza kuwa cha bei mbaya na kikafanya kazi yake barabara. Kikiungwa kwa waya wa mita mbili, volti za waya zinajumlishwa na zake na runinga inazipokea zote. Viwango vya kimataifa vinashauri nyaya za kikinga, ule wa laini na ule wa ethi kwa pamoja, zisizidi nusu mita. Na ile springi? Hiyo ni koili. Koili hupinga mkondo unaobadilika ghafla, na radi ni ghafla tupu.

Mzee mmoja fundi wa Maili Moja hakuwa na haja ya hesabu hizo. Alifungua mfuniko, akaupima waya kwa kiganja. Ukizidi shubiri mbili, alifunga mfuniko na kuulizia chai. Kazi ya namna hiyo hakuijadili.

Chini ya ardhi ndiko vishoka wanakojificha. Rodi ya ethi ya futi nne inakatwa kwa msumeno, nusu inakwenda kuuzwa kwa mteja mwingine, na kichwa kinaachwa king'ae juu ya udongo kama ushahidi. Kibaha hakuna cha kusingizia, mchanga wake hauibishii nyundo. Ila mchanga huohuo ukikauka haupitishi umeme vizuri, hivyo rodi moja mara nyingi haitoshi; ziwekwe mbili au tatu, zikiachana, zikaungwa pamoja. Kisarawe, kwenye mfinyanzi wa kuelekea vilima vya Pugu, fundi anapata unafuu kidogo. Kipimo cha ethi kilichochukuliwa Aprili, masika imeshiba, hakihesabiki popote. Apime Septemba.

Zamani bomba la maji la chuma lililokwenda mbali ardhini lilisaidia kama ethi, likaziba uzembe mwingi. Mabomba ya plastiki yamekuja na uzembe umebaki uchi.

Ekstensheni zenye kitaa chekundu na maandishi ya kujigamba hazistahili aya ndefu. Ifunguliwe: kama hakuna kile kidonge bapa cha varista, mteja amenunua taa. Kikiwemo, nacho huchoka kwa kila pigo bila kutoa taarifa. Gadi ya friji ni chombo cha heshima, kinasubiri dakika kadhaa umeme ukirudi ili kompresa isiumie, lakini si cha radi. Anayechokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili achomeke plagi ya miguu miwili asije kuuliza kwa nini kompyuta yake inamtekenya vidole. Na fundi wa spika anayeukata mguu wa ethi ili mngurumo uishe ameua kengele ya moto kwa sababu inapiga kelele.

Nyumba moja ya Kisarawe ilirekebishwa hivi karibuni. Fundi alikata waya wa ethi, akaunyoosha moja kwa moja, sakafuni zikabaki karibu mita tatu. Mwenye nyumba alilalamika kwamba dibii imeharibika sura, akadai kipande chake. Sasa amekifunga uani, anaanikia kanga.