Dhahabu Nyekundu

Namoya, kule Salamabila katika teritwari ya Kabambare, dhahabu inatafutwa kwa macho. Mchimbaji anazungusha karai, maji yanaondoka na mchanga, chini inabaki punje ya njano. Katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare dhahabu iko pia, ila ni nyekundu: ule mstari wa TDR, kipimo cha haraka cha malaria.

Michael Faraday alishaeleza huko London mwaka 1857 kwamba dhahabu ikigawanywa punje ndogo mno hubadili rangi. Upishi unaofuatwa hadi leo ni wa John Turkevich na wenzake, wa 1951. Kwanza vyombo vinasuuzwa kwa asidi kali inayoyeyusha hata dhahabu, maana mabaki ya jana yataharibu ya leo. Maji yenye chumvi ya dhahabu, njano hafifu, yanachemshwa huku yakikorogwa, kisha sitrati ya sodiamu inamiminwa kwa mkupuo mmoja. Njano inatoweka. Linakuja giza la bluu, zambarau, na baada ya dakika chache chombo kizima ni chekundu kama juisi ya rozela. Sitrati ikiwa nyingi, punje zinatoka ndogo; ikiwa kidogo, zinanenepa. Za kipimo mara nyingi ni za nanomita 20 hadi 40.

Wekundu huo ni kazi ya elektroni. Mwanga wa kijani unazitikisa zote kwa pamoja na kumezwa humo humo, wekundu unapita. Elektroni zilizochangamka hazikai na nishati hiyo. Zinagongana zenyewe kwa zenyewe, halafu ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni za sekunde, zinaikabidhi kwa atomu za dhahabu, nazo zinayapa joto maji ya pembeni.

Kwenye nukta za kwanta, fuwele ndogo mno zinazotoa mwanga, zilizowapa Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, mafundi wanapigana na joto. Elektroni inashuka kwa kutoa joto hadi ngazi ya chini ya msisimko, na hapo inatakiwa itoe mwanga. Ndiyo maana kila fuwele inavishwa gamba, nishati isivujie kwenye kasoro za uso wake. Mpishi wa dhahabu haangaiki na hilo. Kijani kilichogeuka joto hakirudi, na mstari unasomeka kwa macho matupu, bila taa ya pekee. Kwa kituo kilicho mbali na umeme, mimi nachagua ufundi huu.

Lililo gumu ni kuzuia punje zisishikane. Zikishikana, wekundu unakuwa bluu na kazi imekwisha. Kwa hiyo zinavishwa kingamwili, kisha fundi anachota kidogo na kukitilia chumvi, ile ile ya mezani. Kikibaki chekundu, zimevaa sawasawa. Napenda mtu anayejaribu kuiharibu kazi yake kabla haijatoka mkononi.

Yanayobaki yanafanyika mezani kwa muuguzi. Tone la damu linawekwa kwenye utepe wa TDR, dawa ya majimaji inalisukuma, punje zinapanda na utepe. Zilizonasa protini ya kimelea zinakamatwa kwenye mstari wa T, wa kipimo. Nyingine zinasonga hadi C, mstari wa udhibiti. Mstari wa C usipotokea, kipimo hakisomwi, hata kama T imewaka: kinatupwa, na mgonjwa anapimwa upya kwa kingine.