Picha ya Kipunji na Kamera za Wikiendi

Jarida la Science la Marekani la tarehe 20 Mei 2005 lilikuwa na makala fupi kuhusu kima wa Tanzania ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Alipewa jina Lophocebus kipunji. Makala za aina hiyo kwa kawaida hutaja ngozi iliyokaushwa, fuvu lililopimwa kwa milimita na droo ya makumbusho vinakotunzwa vitu hivyo. Hii haikuwa na ngozi wala fuvu. Ilikuwa na picha, maelezo ya mlio wake, na kumbukumbu za watu waliosimama chini ya miti wakitazama juu. Jina zima liliegemezwa kwenye picha ya dume mmoja mzima wa msitu wa Rungwe-Livingstone.

Kwetu tunaobeba kamera wikiendi kwa mapenzi tu, bila mteja wala malipo, hii ni habari tamu, na utamu huo ndio unaofanya isimuliwe ovyo. Husimuliwa kana kwamba mtu alipita njia, akabahatika, akabonyeza, akaingia kwenye historia. Nitaichambua hatua kwa hatua, kwa sababu kilichoipa picha ile nguvu ni vile vitu ambavyo kwenye magrupu yetu ya picha, Mbeya na Iringa, huwa vya kwanza kutupwa.

Kwanza, picha haikutangulia. Yalitangulia mazungumzo. Mwanzoni mwa 2003 timu ya shirika la uhifadhi la WCS, chini ya Tim Davenport, ilikuwa ikiwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kandokando ya Mlima Rungwe. Wawindaji wakamtaja kima mmoja mwenye aibu sana, kipunji. Watafiti hawakujua wamweke fungu gani, maana simulizi za Wanyakyusa zina wanyama wa porini na wanyama wa hadithi tu, na msimuliaji halazimiki kukutenganishia. Mwaka huohuo wakaanza kumwona kwa mbali, majani yakitikisika na mkia ukipotea. Desemba 2003 ndipo walipomwona sawasawa na kutambua kwamba huyu si yeyote kati ya wale wanaojulikana. Wawili wa timu hiyo, Noah Mpunga na Sophy Machaga, wamo kwenye orodha ya waandishi saba wa makala ya 2005.

Upande wa Iringa, Julai 2004, Trevor Jones alikuwa katika msitu wa Ndundulu, wilayani Kilolo, kwenye Milima ya Udzungwa. Yeye na wenzake Carolyn Ehardt na Thomas Butynski walikuwa wakimtafiti kima aitwaye mangabi wa Sanje. Aliyemwona juu ya mti hakuwa mangabi wa Sanje. Kati ya Rungwe na Ndundulu ni karibu kilomita 350, na hadi Oktoba 2004 hakuna timu iliyokuwa na habari za mwenzake.

Hapo wangeweza kukimbizana, kila mmoja akiwahi kuchapisha ili awe wa kwanza. Waliandika makala moja kwa pamoja. Mimi naona huo ndio uamuzi wa kiufundi uliokuwa mkubwa kuliko wote, kupita hata uchaguzi wa lenzi, kwa sababu picha ya msitu mmoja ingeweza kubishiwa kuwa ni kima mmoja mwenye kasoro ya rangi. Picha za misitu miwili iliyo mbali hivyo, zenye mnyama wa sura ileile, ni vigumu kuzibishia.

Sasa picha yenyewe. Ilitakiwa ionyeshe nini? Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia, tumbo jeupe lisilo safi, kishungi kilichosimama utosini, na mkia ambao sehemu ya mwisho ni nyeupe. Uso ni mweusi. Halafu kuna kope. Mangabi wa jamii ya yule wa Sanje wana kope zenye ngozi nyeupe, wakipepesa unaona mwanga. Kope za kipunji ni nyeusi kama uso wake. Kwa mtafiti, sentimita moja ya ngozi juu ya jicho ina uzito mkubwa kuliko mandhari yote iliyomzunguka kima.

Jaribu kuipiga picha hiyo Rungwe. Mnyama yuko juu kwenye matawi, nyuma yake ni anga jeupe la ukungu, na chini ya miti saa nne asubuhi bado kuna giza la jioni. Ukiiacha kamera ijipimie mwanga yenyewe, italiona anga, itabana, na kima atatoka kama kipande cha mkaa. Inabidi uongeze mwanga stopu moja na nusu au mbili, ukubali anga liungue lote, upandishe ISO hadi 3200 ili shata isilale, na ukubali picha itoke na chenga. Ndipo kope zinaonekana. Ukiipeleka picha hiyo kwenye grupu, majibu ninayajua: "Kaka, anga limeungua." "Chenga nyingi hizo, ungetumia tripodi." Ile nyingine, ya kima mweusi tii dhidi ya ukungu, itajaziwa mioyo na makofi. Kwa macho ni nzuri kweli. Kwa kumtambua mnyama ni bure, maana anaweza kuwa kima yeyote.

Picha ya kipunji iliyochapishwa haikupita bila ugomvi. Mwaka huohuo wa 2005 baadhi ya wanasayansi walilalamika katika kurasa za Science kwamba spishi isiyo na mwili makumbusho haijaelezwa inavyopasa. Jibu lilikuwa ndani ya kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, toleo linalotumika tangu 1 Januari 2000. Kifungu cha 73.1.4 kinasema kwamba ukiteua picha kuwa kielelezo rasmi cha spishi, kinachohesabika ni mnyama aliye pichani, si karatasi. Kwa hiyo kielelezo rasmi cha kipunji kilikuwa hai, kinapanda miti na kula matunda Rungwe, wakati wasomi wakibishana juu yake. Mimi niko upande wa waliokataa kumuua. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilipata vipunji 1,117 tu duniani kote, ndani ya eneo lisilofika kilomita za mraba 18. Katika hali kama hiyo bunduki ya makumbusho ni sehemu ya tatizo.

Lakini tusiipe picha sifa isizostahili. Agosti 2005, miezi michache baada ya makala kutoka, dume mdogo alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima jirani na Mlima Rungwe. Mwili ulipofanyiwa uchunguzi, na vinasaba kupimwa, ikaonekana kipunji yuko karibu zaidi na nyani kuliko na mangabi aliowekwa nao mwanzo. Mwaka 2006 akahamishiwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Picha ilijibu swali la "huyu ni mpya?" na ikajibu sahihi. Swali la "huyu ni ndugu wa nani?" iliulizwa, ikakosea.

Ndundulu hiyohiyo ina mfano wa pili, na huu una nidhamu zaidi. Mwaka 2005 kamera ya mtego iliyotegwa na mtafiti Francesco Rovero, ile inayojipiga yenyewe joto la mnyama likipita mbele yake, ilinasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu. Picha zikamfikia Galen Rathbun, mtu aliyewasoma sange kwa miongo mitatu. Hawakutangaza jina. Machi 2006 walipanda msituni, wakawakamata wachache, wakawapima. Uzito ulikuwa kama gramu 700. Jina Rhynchocyon udzungwensis lilichapishwa 2008. Miaka mitatu kutoka picha hadi jina! Msitu huo, kwa kweli, hauchagui njia ya kutoa siri zake: kwale wa Udzungwa aligunduliwa huko 1991 baada ya watafiti kutoka Denmark kuona miguu miwili ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya mboga.

Nikirudi kwetu, kilichoziokoa picha hizi zote ni maelezo yake: nani, wapi, lini, kwenye mwinuko gani, na ya ngapi katika mfululizo. Na hayo ndiyo yanayochujwa picha inapopita WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, yaani saa, aina ya lenzi, na nukta ya ramani kama simu iliiandika, huondolewa. Kinachofika kwa mwenzako ni sura tu. Ukiituma kama faili, yaani dokumenti, inafika nzima, ingawa bando litalia. Watu wengi hawaijui tofauti hii, na wakishafuta picha ya asili kupunguza mzigo kwenye simu, ile iliyobaki kwenye grupu ndiyo inakuwa kumbukumbu pekee, na kumbukumbu hiyo haina tarehe.

Maelezo ya chini ya picha nayo hayasaidii. "Uumbaji wa Mungu." "Nyumbani ni nyumbani." Au neno moja, Mbeya. Mbeya ipi? Kimondo cha Mbozi kimeandikwa Mbeya kwenye picha nyingi mno, na tangu 2016 Mbozi iko Mkoa wa Songwe. Makete ilikuwa Iringa hadi Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012. Picha ya zamani iliyoandikwa "Iringa" inaweza kuwa ya Kilolo au ya upande wa pili kabisa wa nyanda za juu. Ua lililopigwa kwenye Hifadhi ya Kitulo likiandikwa hivyo, mtu wa mimea hana la kufanya nalo. Andika kijiji, mlima, au mto. Mipaka ya mikoa huhama.

Na saa. Kamera inaandika 07:12. Wewe kwenye daftari umeandika saa 1:12, kama tunavyohesabu sote. Mwaka mmoja baadaye mtu mwingine, labda mwanafunzi asiyejua Kiswahili, atasoma 1:12 akadhani ni usiku wa manane, na ndege wako wa mchana atageuka bundi. Ongeza neno "asubuhi". Kamera kuukuu zina tabia nyingine, betri ikitolewa muda mrefu saa inarudi kwenye 1 Januari ya mwaka kamera ilipotengenezwa. Nimeona albamu nzima za Matema ambazo kwa mujibu wa faili zilipigwa kabla mpigaji hajanunua kamera.

Zipo jumuiya za mtandaoni zilizojengwa kwa hesabu tofauti na ya mioyo na makofi. iNaturalist, iliyoanzishwa 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haikuulizi kama anga limeungua. Inataka tarehe, mahali, na ushahidi wa picha au sauti. Kisha wanachama wengine wanataja wanavyomtambua kiumbe, na wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili rekodi inapanda daraja na kuweza kutumiwa na watafiti. Picha mbovu ya mjusi wa Gangilonga inaweza kupanda, na picha ya kupendeza isiyo na mahali ikabaki chini. Sisemi magrupu yetu yageuke maabara. Starehe ya kupiga Nguzo za Isimila jua likizama ni starehe halali na haihitaji kibali cha mwanasayansi. Ninachosema ni kwamba picha moja inaweza kuwa na nakala mbili, ya kupendezesha grupu na ya kumbukumbu, na hii ya pili isiguswe rangi wala isikatwe.

Hapa kuna mtego ambao wapenda maelezo kamili huuingia. Mahali panatakiwa kuandikwa. Si kila mahali panatakiwa kutangazwa. Mwaka 2011 alipoelezwa nyoka wa Matilda, Atheris matildae, mweusi na njano mwenye vipembe juu ya macho, kutoka nyanda za juu hizihizi, waliomgundua waliificha sehemu anakopatikana. Walijua kwamba kuna watu wanaofuga nyoka adimu kama hobi, wana pesa, na wanasoma majarida. Hobi moja inaweza kumaliza kile ambacho hobi nyingine inakipiga picha.

Kitulo ni hivyohivyo, ila mnunuzi ni wa chakula. Viazi vya orkidi huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo imekuwa ikizivua nyanda za juu kwa magunia tangu kabla Kitulo haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Simu yako ikiwa imewasha mahali, picha kali ya orkidi inabeba nukta ya ramani inayomfikisha mchimbaji penye ua lenyewe. iNaturalist hulitatua kwa spishi zilizo hatarini kwa kuitupa nukta mahali popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, karibu kilomita 22 kila upande kwa huku kwetu, huku mahali halisi pakibaki kwa mwenye picha. Mitandao mingine haina huruma hiyo, na faili uliyoituma nzima kwa rafiki haina pazia lolote.

Maua ya Kitulo huchanua kati ya Desemba na Aprili. Kabla hujapanda, rekebisha saa ya kamera na uwashe mahali kwenye simu, kisha tunza picha za asili kwenye diski yako. Ukirudi, utakazoweka mtandaoni zifute nukta na uandike "Kitulo" tu. Anayetaka kuziona orkidi hizo kwa macho yake apite getini alipe kiingilio, kama sisi wengine.