Sifa ya Wakata Njia ya Moto

Katika kazi zote zifanywazo na mwanadamu kwa mikono yake na chuma kidogo, sijaona iliyo na adabu kubwa na sifa haba kama ile ya majirani wanaojipanga safu kando ya moto wa nyika, kila mtu na chombo chake, wakaikwangua ardhi mpaka udongo ukabaki mtupu, ili moto ufikapo hapo usikute hata tonge moja la kula. Wengi hudhani kuzima moto ni kuumwagia maji. Lakini huku kwetu Nkoroi, nchini Kenya, ambako aghalabu maji ya kunywa yenyewe huletwa kwa gari na kununuliwa, mwenye kuyangoja maji huishia kuzoa majivu.

Nkoroi ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla haijawa viwanja. Mchungaji wa zamani aliuwasha moto kwa majira yake, apate majani machanga na kupunguza kupe, na nyika ilikuwa pana ya kumstahimilia. Leo nyika hiyo imekatwa vipande, kila kipande na ua wake, na vingi havina mtu ila nyasi zilizosimama tangu masika, pamoja na leleshwa, ambayo kwa mafuta yaliyomo majanini mwake huwaka ingali mbichi.

Kazi hii si ya Nkoroi pekee. Oktoba 2020, Kilimanjaro ilipoungua, mamia ya watu walipanda kuukabili moto, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Huko Marekani kikosi kamili cha kazi hii ni watu 20, na chombo chao mashuhuri, shoka upande mmoja na kijembe upande wa pili, huitwa kwa jina la Edward Pulaski, mlinzi wa misitu ambaye tarehe 20 Agosti 1910, moto ulipowazingira katika milima ya Idaho, aliwaingiza watu wake ndani ya shimo la mgodi akawanusuru walio wengi. Sisi tukipata 10 walio tayari tumepata kikosi, na zana nyingi zimo mabandani mwetu: panga, fyekeo, jembe, reki, na ile pampu ya mgongoni ambayo mfugaji hunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, maadamu imeoshwa ikatakata. Cha kununuliwa ni viatu vya ngozi, glavu, na nguo za pamba nzito; maana nailoni huyeyuka kwa joto ikagandamana na mwili.

Safu ina taratibu zake. Wenye panga na fyekeo hutangulia, wenye reki na jembe hufuata, wakiachana hatua kadhaa ili chuma cha mmoja kisimfikie mwenziwe. Nao huanza barabarani au mahali palipokwisha kuungua, wakaufuata moto ubavuni, wala hawaujii usoni. Mmoja wao hashiki jembe kabisa. Husimama juu ya kichuguu akitazama upepo, na wapita njia humdhania mvivu, ilhali roho za wote zimo machoni mwake. Kwani ndiye ajuaye pa kukimbilia, na katika Nkoroi hii ya seng'enge, ua wa kayaba na malango yenye kufuli, pa kukimbilia hapatafutwi moshi ukisha kutanda.

Hata hivyo, fundi simtambui wakati wa miali. Wakati huo kila mtu ni shujaa. Namtambua jioni, watazamaji walipokwisha kwenda zao, anapopiga magoti pembeni mwa palipoungua na kupitisha kinyume cha kiganja karibu na majivu, akitafuta joto katika kisiki au katika mavi makavu ya ng'ombe, ambayo hufuka kimyakimya muda mrefu, yakingoja upepo. Kazi hiyo haina kelele wala picha. Asiyeifanya amezima nusu ya moto, na nusu iliyobaki huamka usiku.

Basi nawe mwenye kiwanja Nkoroi, ukaaye mbali nacho, kama huwezi kuja na jembe, fyeka nyasi zako kabla ya Julai, na ufunguo mmoja wa lango mwachie jirani.