Mtoro kama Shujaa: Lugha na Taswira ya Utumwa katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Uhakiki wa fasihi ya watoto umezoea kuuliza iwapo kitabu kinalingana na umri wa msomaji wake. Pale ambapo maudhui ni utumwa, swali hilo aghalabu hugeuka kuwa kisingizio cha kulainisha mambo. Makala haya yanashikilia kwamba lipo swali la msingi zaidi: ni nani anayetenda katika hadithi, na kitendo chake kinapewa jina kwa mtazamo wa nani? Tutalichunguza kupitia vitabu viwili vya picha vya Marekani, kisha tulipime katika Kiswahili, ambako tatizo limejificha ndani ya lugha yenyewe.

Kitabu cha kwanza ni Henry's Freedom Box (2007), kilichoandikwa na Ellen Levine na kuchorwa na Kadir Nelson. Kinasimulia kisa cha kweli cha Henry Brown, mtumwa katika kiwanda cha tumbaku mjini Richmond, Virginia. Mwaka 1849, baada ya mkewe na watoto wake kuuzwa, Brown alijifungia ndani ya sanduku la mbao akasafirishwa kama mzigo hadi Philadelphia kwa muda wa takriban saa 27. Levine hatumii maneno mengi kueleza uchungu wa kutenganishwa. Nelson anauweka usoni pa Henry. Baadaye mchoro unatuonyesha Henry sandukuni, kichwa chini miguu juu, huku walio nje hawana habari. Hata mtoto asiyejua kusoma atatambua gharama ya safari hiyo. Isitoshe, mwisho wa hadithi hauwarejeshi waliouzwa. Henry anaupata uhuru bila kuwapata aliowapoteza.

Kinyume chake ni A Birthday Cake for George Washington cha Ramin Ganeshram, kilichochorwa na Vanessa Brantley-Newton. Kilitolewa Januari 2016 na mchapishaji akakiondoa sokoni mwezi huohuo baada ya kulaumiwa vikali. Mhusika wake, Hercules, alikuwa mpishi mtumwa wa Rais Washington, naye anasawiriwa akitabasamu na kuionea fahari kazi yake. Hercules wa historia alitoroka mwaka 1797, lakini kitendo hicho hakimo katika simulizi anayosomewa mtoto. Dosari hapa si tabasamu pekee, kwani binadamu aliye kifungoni naye hucheka. Dosari ni kwamba tabasamu limechukua nafasi ya kitendo.

Tukitaka kuandika kitabu cha namna hii kwa Kiswahili, tutamwitaje Henry? Neno "mtumwa" limetokana na kauli ya kutendwa ya kitenzi "tuma". Mtoto anayetumwa dukani kila jioni anaweza kulisikia kama jina la anayetumwa kazi, asielewe kuwa linamhusu mtu aliyeuzwa. Maneno ya uhuru nayo yameelemea upande huohuo: mtumwa hukombolewa, huachwa huru, hupewa uhuru. Kweli tunacho kitenzi "kujikomboa", ila kina mwangwi wa kulipa fidia, kana kwamba bwana alikuwa na haki ya kudai. Kitenzi ambacho mtumwa anatenda bila idhini wala malipo ni "kutoroka". Hata hivyo, mtoro katika shule zetu ni mwanafunzi anayekwepa masomo na kustahili adhabu. Neno hilo linamtazama mtu kwa jicho la yule aliyeachwa nyuma akimtafuta.

Mwegemeo huu umo pia katika maandishi yetu. Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela kinasimulia jinsi mateka waliookolewa baharini na manowari ya Waingereza walivyoletwa Frere Town, Mombasa. Ni ushahidi wa thamani kubwa, lakini mtendaji mkuu katika ukombozi huo ni manowari. Ilhali katika karne ya 19, kabla ya sheria kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watoro walikuwa wamejijengea makao yao wenyewe, kama vile Fuladoyo. Hao wanastahili kuchorewa kitabu.

Yamkini mwandishi atashawishika kulikwepa neno "mtoro" kwa kuchelea kuwachanganya watoto. Tunapendekeza kinyume chake. Neno libaki katika matini, na mchoro upewe jukumu la kulipindua: uonyeshe anachokikimbia mtoro, anaowaacha nyuma, na shamba analolilima kwa faida yake. Mtoto aliyezoea kulisikia neno hilo likitamkwa kwa ukali atalazimika kuuliza kwa nini mtu huyu mwema anaitwa hivyo. Swali hilo litamfikisha kwenye kiini cha utumwa kuliko maelezo mengi, kwa kuwa atakuwa amegundua kwamba palikuwa na mtu aliyejipa haki ya kumwita mwenzake mtoro.